Kalibu za Gari la Tisa

Nyundo ilikuwa imeegemezwa ukutani tangu Alhamisi. Haikuwa nyundo ya fundi wa magari. Ilikuwa ile ya kuvunjia mawe, mpini wake unamfika Nives kiunoni, kichwa chake kizito kama nguruwe aliyelala. Baba mkwe wake, mzee Gualtiero Bergonzini, aliitoa mwenyewe katika zizi la zamani, akaifuta vumbi kwa upole ambao hajawahi kumwonyesha mtu, akaisimamisha kando ya zile kalibu.

"Nimeiona, baba," Nives alimwambia siku hiyo.

"Ndiyo maana nimeiweka hapo. Macho unayo."

Kalibu zenyewe zilikuwa maganda makubwa meusi yaliyolazwa juu ya vitanda vya mbao, kila moja na umbo la kipande cha gari: pua, mlango, bega, mkia. Humo ndimo nyuzi za kaboni zilimopangwa tabaka juu ya tabaka, zikanyweshwa gundi, zikaokwa katika tanuri, zikatoka zimekuwa gari. Magari manane yalikuwa yamezaliwa humo, na kila moja likaenda kwa tajiri mmoja: wa Lugano, wa Monako, wa Munich, wengine mbali zaidi. Sasa la tisa lilikuwa katikati ya karakana, limefunikwa shuka jeupe kama bibi harusi anayesubiri kuitwa. Mzee alikuwa ametangaza tangu mwanzo kwamba yatakuwa tisa, basi.

Aliyezichonga kalibu alikuwa Ermes, mwana pekee wa mzee, mume wa Nives. Alizisugua kwa viganja vyake miaka minne, mpaka ngozi ya vidole ikawa laini kama ya mtoto. Ukipitisha mkono ndani ya kalibu ya bega la kushoto unakutana na kibonde kidogo, sawa na alama ya dole gumba. Kwa hiyo magari yote yana kivimbe hicho begani, kidogo sana, huwezi kukiona ila kwa kukigusa. Ermes alikiacha makusudi au alikisahau, hakuwahi kusema. Alikuwa akicheka tu.

Alikufa majira ya baridi, mwaka wa tatu sasa. Aliteleza kwenye barafu katika kigari kikuukuu cha nyumbani, akishuka kutoka milimani kwa mama yake Nives, mfuko wa unga wa njugu za mlimani ukiwa kwenye kiti cha pembeni. Mzee hakuusahau ule mfuko.

"Mwanangu aliunda magari ya kupita upepo," aliwaambia watu kule baani, Nives akiwa amesimama pale pale na mkate mkononi. "Akaja kufa kwa mwendo wa baiskeli. Kwa ajili ya unga wa mama mkwe!"

Watu waliangalia vikombe vyao vya kahawa. Nives alilipa mkate akatoka. Hata yeye, usiku mwingine, alikuwa akiulaumu ule unga.

Tangu hapo waliishi ua mmoja kama paka na mbwa waliofungiwa ghala moja. Nives alishona ngozi za viti, kwa kuwa hakuna mwingine bondeni kote aliyejua kuzishona kama yeye. Mzee alishughulika na injini. Kazi iliyowalisha ilikuwa ya matengenezo. Tajiri akigonga ukuta, mlango mpya hutoka katika kalibu ya mlango. Akikwaruza pua, pua mpya hutoka katika kalibu ya pua. Kalibu zikiwepo, kazi ipo, na paa lipo juu ya kichwa cha Iride, binti wa Nives, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuuliza kila kitu kinaitwaje.

Na sasa mzee alitaka zivunjwe.

"Bwana Brambati wa Milano ananunua la tisa," alimwambia bila kupepesa. "Anataka kalibu zipondwe mbele ya macho yake. Wakusanyaji ndivyo walivyo, mtu anataka chake kisizaliwe tena. Nilimwambia njoo, tutayaongea hapa uani. Na mimi nataka hivyo hivyo. Zikishapondwa nafunga geti. Wewe utapanda kwenu mlimani na mtoto wako."

"Mtoto wangu? Iride ni mjukuu wako, baba."

"Nimesema nilichosema."

"Na hao wanane wakigonga magari yao?"

"Walie."

"Baba, ile ni mikono ya Ermes. Ndiyo iliyobaki."

Mzee aliinua kidole. "Usinitajie mikono ya mwanangu. Wewe uliyemtuma unga, usinitajie."

*

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba lori la kubebea gari lilifika getini kwa kupiga honi tu, kama kipofu anayegonga fimbo. Mbele yake lilitangulia gari jeusi, akashuka Bwana Lodovico Brambati, koti la manyoya ya ngamia, viatu visivyojua matope. Nyuma yake alishuka katibu wake, Sveva, msichana mwembamba aliyebeba kamera.

"Mzee Bergonzini! Hivi watu wanaishije katika hii supu?"

"Wanaoijua njia hawapotei," mzee alijibu.

Brambati hakusikia, au alisikia akapuuza. Alilivua gari shuka kwa mkono wake mwenyewe bila kuomba. Hata Nives, aliyeliona kila siku, alihisi kifua kimejaa. Lilikuwa jeusi la kuelekea kijani, limejikunyata chini kabisa, kama mnyama anayekusikiliza kabla hajaamua kukurukia.

Brambati alilizunguka. Alifungua mlango akachungulia ndani.

"Nani alishona hivi viti?"

"Mimi," Nives alisema.

"Mshono mzuri. Unanikumbusha sofa la bibi yangu."

"Basi bibi yako alikuwa na bahati, bwana. Sofa la namna hiyo mtu halipati kwa urahisi."

Sveva aliinamisha uso kwenye kamera kuficha tabasamu. Brambati alimtazama Nives kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyesikia kiti kikiongea, kisha akaendelea kuzunguka, sasa akipapasa kwa vidole. Alipofika bega la kushoto, vidole vilisimama. Vikarudi nyuma. Vikasimama tena.

"Hapa kuna kasoro."

Mzee alisogea hadi kando ya gari.

"Hakuna kasoro," mzee alisema.

"Mzee, mimi nina magari ishirini nyumbani, usinifundishe. Pana kivimbe hapa. Fundi wako alikuwa amelewa? Utanipunguzia bei."

Nives alimgeukia baba mkwe wake, na baba mkwe wake alikuwa amemgeukia yeye. Ilikuwa kufumba na kufumbua tu. Lakini katika miaka mitatu ndiyo mara ya kwanza hasira zao ziliangalia upande mmoja.

"Kila gari langu lina hicho," mzee alisema taratibu, sauti imekauka. "Hicho ndicho unachonunua. Mengine yote ni chuma na gundi. Sipunguzi hata senti. Hutaki, yule wa Munich anasubiri simu yangu."

"Munich, Munich! Kila muuzaji ana Mjerumani wake mfukoni."

"Mpigie umuulize. Namba ninayo."

Walibishana hivyo, wakirushiana maneno kama watu wanaorushiana mawe kuvuka mto. Brambati alidai milango ni mizito, mzee akamwambia labda mikono yake ndiyo myepesi. Brambati alidai harufu ya gundi, mzee akamwambia hayo ni manukato yake mwenyewe. Injini iliwashwa, ikaachwa ipate joto polepole. Brambati alipoketi akanyoosha mguu akanyage mafuta ikiwa bado baridi, mzee alimpiga kofi la goti kama anavyopigwa mtoto anayedokoa. Mwishowe Brambati alichoka. Gari alilitaka, lilionekana machoni. Alitaja bei ile ile aliyoikuta.

"Haya. Lete hiyo karatasi nitie sahihi."

"Karatasi baadaye," mzee alisema. "Kwanza mkono, kama baba yangu alivyouza ndama."

Baba yake Gualtiero alikuwa dalali wa ng'ombe katika mnada wa mji, na ua huu haujawahi kuuza kitu, ndama wala gari, bila kukata mikono. Muuzaji na mnunuzi hushikana mkono wa kulia, wakabana. Mtu wa tatu, wa nyumba ile, husimama kati yao akauliza: yote yamesemwa? Wakijibu ndiyo, huushusha ubavu wa kiganja chake kama panga, akaikata ile mikono iachane. Kilichosemwa kabla ya hapo ni sheria. Ambacho hakikusemwa hakijazaliwa, na hakizaliwi tena. Magari manane yaliuzwa hivyo, na kila mara aliyekata alikuwa Ermes.

Mzee alitazama huku na huku, kama mtu anayemtafuta aliyekwenda chooni. Kisha akakumbuka. Uso ukamkunjamana.

"Wewe," alimwambia Nives bila kumtaja jina. "Njoo ukate. Hakuna mwingine wa nyumba."

Nives alifuta mikono kwenye aproni, akasogea. Alikuwa ameng'amua jambo. Wamebishana milango, harufu, kivimbe na bei. Kalibu hakuna aliyezitaja. Nyundo imesimama pale pale ukutani, na hakuna aliyeitaja.

Mikono miwili ilishikana mbele yake, mmoja mweusi wa mafuta katika mikunjo, mwingine mweupe na pete. Ilimjia kwamba angeweza kukata sasa hivi, haraka, bila kuuliza. Nani angejua? Brambati hajui mila. Lakini mzee angejua. Na Ermes hakuwahi kukata bila kuuliza, hata siku ile mnunuzi alipokuwa na haraka ya ndege.

Akauliza kwa sauti, ili hata dereva wa lori aliyesimama mlangoni asikie:

"Yote yamesemwa?"

Mzee aliangalia nyundo. Nives alimwona akiiangalia. Midomo yake ilifunguka.

"Jamani, tumalize!" Brambati alicheka, akimkonyeza Sveva arekodi. "Yamesemwa, mama, yamesemwa yote, nina njaa. Kata tuondoke. Sikujua nimekuja kutazama mchezo wa wachunga ng'ombe. Baba yako ndivyo alivyokuwa anauza ndama, eh, mzee? Halafu analala nao?"

Midomo ya mzee ilifungika. Ilifungika kama mlango wa kanisa baada ya misa.

"Yamesemwa," alisema kwa meno.

Nives alikata.

*

Mila nyingine ya ua ule ni kwamba mnunuzi halishwi maneno tu. Walikula jikoni, tortelini, vifuko vya tambi vyenye nyama ndani, katika supu ya kuku, jibini, divai nyekundu yenye povu. Iride aliyekuwa ameketi kwenye mto mnene ili afikie meza alimuuliza Brambati kwa nini amevaa ngamia. Sveva alikula sahani mbili, akamshika Nives mkono akanong'ona kwamba mama yake hapiki hivi. Wanaume wawili waliinamia sahani zao.

Brambati alipangusa mdomo, akasimama. "Haya. Sveva, kamera. Twende tukavunje."

"Tukavunje nini?" mzee aliuliza, akiendelea kumenya tunda lake.

"Kalibu, mzee. Nataka filamu. Nyundo inashuka, pua inapasuka, milango inapasuka. Wageni wangu wataionea wivu."

"Ulilitaja lini hilo?"

"Kwenye simu!"

"Kwenye simu hakuna mikono. Nilikwambia njoo, tutaongea uani. Ukaja. Ukaongea gundi, ukaongea mshono, ukaongea mwanangu kuwa mlevi. Ukaulizwa kama yote yamesemwa, ukajibu yote. Msichana wako amerekodi. Akurudishie utazame."

Brambati alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Unanitania."

"Mimi na wewe hatuna utani."

"Sikiliza, mzee. Bila kalibu kuvunjwa, hili si gari la mwisho. Kesho mtaoka la kumi, la ishirini!"

"Nimetangaza tisa. Tisa ni tisa. Kalibu zinatengeneza yaliyokwisha kuzaliwa, hazizai tena. Na wewe siku ukiligonga, utashukuru."

"Sitaligonga! Sitaliendesha! Nani anaendesha kitu cha bei hii?" Alimgeukia Nives, kidole mbele. "Ni huyu. Huyu mwanamke alijua! Nilimwona alivyokuwa anasitasita. Mlipanga, ninyi wawili!"

Kwa jambo lile Nives angependa kucheka. Wao wawili, wapange! Hawakuwahi kupanga hata nani aoshe vyombo.

"Nilikuuliza, bwana," alisema. "Kwa sauti. Kama ungeninyamazia kidogo tu, kuna mtu alikuwa anafungua mdomo akukumbushe."

Brambati alimtazama mzee. Mzee alitazama tunda.

"Nitawapeleka mahakamani."

"Nenda. Hakimu wa hapa babu yake aliuziwa ndama na baba yangu. Alikatwa mkono kama wewe. Hakulalamika."

"Basi sichukui! Baki na takataka yako yenye kivimbe!"

Hapo mzee alisimama. Alikuwa mfupi kuliko Brambati kwa kichwa kizima, lakini aliyerudi nyuma ni Brambati.

"Mkono umekatwa," mzee alisema. "Gari ni lako. Ukiliacha, litakaa pale pale, na sitamuuzia mtu mwingine, hata wa Munich, hata Papa akija na baiskeli. Kuku watataga ndani yake, na mayai nitakutumia Milano, maana ni yako pia. Lichukue au uliache. Lakini usisimame jikoni kwangu ukilipigia kelele, mtoto anataka kulala."

Na kweli Iride alikuwa akisinzia juu ya mto, kijiko mkononi.

Brambati alilichukua. Aliliandama hadi kwenye lori akitukana ukungu, matope, bonde lote na waliolizaa. Lakini gari lilipopandishwa, Nives alimwona akisogea pembeni, pale alipodhani hakuna anayemtazama, akipitisha kidole begani mwa gari, upande wa kushoto, mara moja, na mara ya pili. Kisha akajifuta kidole kwenye koti kama aliyeiba.

"Mtajuta!" alipiga kelele kutoka dirishani.

"Funga kioo, utaugua," mzee akamjibu.

*

Ukungu ulipolimeza lori, ua ulibaki na mlio wa kuku. Mzee aliingia karakana. Nives alimfuata kwa mbali, bado hajui kama ameshinda au ameahirishiwa tu. Maana nyundo ilikuwa bado pale, na mnunuzi alikuwa ameondoka, na kalibu zilikuwa za mzee. Angeweza kuziponda akitaka, kwa hasira zake mwenyewe.

Mzee aliinyanyua nyundo. Nives akashika ubao wa mlango.

Mzee alisimama nayo juu ya kalibu ya bega, muda mrefu. Kisha akaitupia begani mwake, akapita mbele ya Nives bila kumtazama, akaenda kuirudisha zizini. Aliporudi alikuwa na kopo mkononi.

"Usidhani nimefanya kwa ajili yako."

"Sidhani, baba."

"Mtu amtukane baba yangu huku mkono wake umo ndani ya mkono wangu, halafu mimi nimkumbushe kalibu?"

"Nisingeweza kukuzuia."

Alinung'unika kitu. Kisha akasema, "Ungeweza kukata bila kuuliza."

"Ningeweza."

"Mbona uliuliza?"

"Ermes alikuwa anauliza."

Alidhani atafokewa kwa kulitaja jina. Mzee alilitua kopo juu ya meza, si mkononi mwake, mezani, kwa kishindo. Lilikuwa kopo la nta, ile ambayo kalibu hupakwa kabla ya kazi ili kipande kisigande ndani. Tangu Ermes afe, hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kulifungua isipokuwa wa mzee.

"Yule wa Lugano amegonga tena. Mpumbavu. Gari lake linakuja Jumatatu, bega la kushoto limevunjika. Kalibu imekauka, inataka nta. Upake, uache ikauke, upake tena. Kitambaa cha pamba, si hayo matambara yako ya kushonea. Na ukiacha alama ya kidole, nitaiona."

"Alama moja ipo tayari, baba."

"Hiyo iache."

Nives alifungua kopo. Harufu ilimpanda puani, harufu ya mashati ya Ermes jioni, na ilimbidi ainame kana kwamba anachunguza kalibu. Alichota nta kidogo akaanza, polepole, kwa mizunguko midogo kama alivyowahi kumtazama Ermes akifanya. Nje, Iride aliyekuwa ameamka alikuwa akiwauliza kuku majina yao.

Mzee alifika mlangoni akasimama, mgongo ukiwa umeelekea ndani.

"Na ule unga," alisema. "Wa mama yako. Bado anasaga?"

Mkono wa Nives ulisimama juu ya kalibu. "Bado, baba."

"Mwambie alete mwenyewe. Kwa basi." Alikohoa. "Wewe usipande huko barafu ikiwepo. Unanisikia? Nitakuvunja miguu."

"Nimekusikia."

Aligeuza shingo kidogo. "Mzungusho huo ni mkubwa mno. Punguza."

Akaondoka. Nives alipunguza mzungusho, akaendelea kupaka.